Nilivyosoma Fasihi ya Kiingereza kwa Sikio la Kambini

Wiki ya pili ya masomo ya uzamili, Agosti 2018, mhadhiri alitugawia karatasi yenye mistari 18 ya Geoffrey Chaucer, mshairi wa Uingereza aliyefariki mwaka 1400. Tulikuwa wanafunzi 6. Dirisha lilikuwa wazi, na honi za bodaboda za Wandegeya, mtaa ulio chini yetu, zilipanda hadi kwetu kilimani, Chuo Kikuu cha Makerere. Akatuambia tusome kwa sauti, mmoja mmoja.

Mwenzetu wa kwanza alisoma kwa Kiingereza safi cha watangazaji wa redio. Mhadhiri alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Umesoma vizuri, lakini Chaucer asingekuelewa." Wa pili akajikwaa kwenye mstari wa kwanza. Wa tatu nilikuwa mimi. Kwa woga nilionao nikaona heri nisome kila herufi kama ilivyoandikwa. Neno "soote" nikalitamka kwa silabi mbili, so-te, kwa o yetu na e ya mwisho ikasikika. "Roote" nikalitamka ro-te. "Aprille" nikalimalizia na e yake. Nilipofika chini ya ukurasa nikangoja kuchekwa.

"Umejifunzia wapi?" mhadhiri akauliza.

Nikamwambia sijajifunza popote, nimesoma kama ninavyosoma Kiswahili. Akasimama, akaandika ubaoni a, e, i, o, u, akatueleza kwamba Waingereza wa zama za Chaucer walitamka irabu zao karibu sana na tunavyotamka zetu. Katika karne zilizofuata irabu zao ndefu zilihama mahali pake kinywani, lakini maandishi yakabaki palepale. Ndiyo maana Kiingereza cha leo kinaandikwa hivi na kutamkwa vile. Ile e ya mwisho, ambayo siku hizi imenyamaza kabisa, wakati huo ilikuwa hai, na ukiimeza mstari unapungukiwa na mizani, yaani idadi ya silabi zake. Alitumia neno hilohilo, mizani, kwa Kiswahili, huku akinitazama.

Sikusema kitu tena kipindi kizima. Kwa zaidi ya miaka 20 nilikuwa nimekificha Kiswahili changu kama mtu anavyokalia kiraka cha sketi, na siku hiyo kilikuwa kimenivusha mahali ambapo Kiingereza changu, nilichokipata kwa taabu, kilikuwa kimekwama.

Nilizaliwa katika kambi ya polisi mjini Kampala, ndani ya uniporti, zile nyumba za bati za duara ambazo mchana huwaka kama tanuri na mvua ikinyesha watu hamsikizani. Baba ni Msamia wa Busia, Mama ni Mlugbara wa Arua. Askari wenzake Baba walitoka Gulu, Mbale, Kabale, Moroto. Kilichowaunganisha wote ni Kiswahili, lugha ya jeshi na polisi wetu tangu enzi za mkoloni, nasi watoto tukakinyonya hapohapo. Hakikuwa Kiswahili cha Unguja. Tulisema "kitabu yangu", tulisema "mimi hapana jua", na tuligombana na kupatana kwa maneno hayo bila shida yoyote.

Nje ya ukuta wa kambi mambo yalikuwa mengine. Watu wengi walioishi Kampala miaka ya 1970 na 1980 walikisikia Kiswahili kwa mwenye bunduki kwenye kizuizi cha barabarani, na usiku wakakisikia kwa jambazi anayegonga mlango. Nilipokua nikaelewa hofu yao, na siwezi kuwalaumu. Lakini nikiwa na miaka minane sikuelewa kwa nini msichana niliyekaa naye dawati moja aliambiwa na mama yake ahame. Shule yenyewe ilikuwa na kibao chenye kamba. Ukikutwa unazungumza lugha yoyote isiyo Kiingereza, unakivaa shingoni hadi umkamate mwenzako naye akivae. Nilikivaa mara nyingi. Nikaapa nitakijua Kiingereza hadi hakuna atakayenikamata.

Nilikijua. Nilisoma shahada ya ualimu, nikaenda Jinja kufundisha fasihi ya Kiingereza kidato cha tano na cha sita, wale wanafunzi wa historia, uchumi na fasihi. Nilikuwa mwalimu mzuri kwa kipimo cha mitihani. Nilikuwa na daftari la kila kitabu cha silabasi: muhtasari wa kila sura, tabia za wahusika, dhamira, mafunzo, na majibu ya maswali yaliyopita. Wanafunzi walinakili, wakakariri, wakafaulu. Nilipoomba nafasi ya uzamili niliamini ninakwenda kuongeza daftari jingine, nene zaidi.

Insha yangu ya kwanza ilihusu King Lear ya Shakespeare. Kurasa 12. Nilieleza ukoo, ugomvi wa urithi, upofu wa wazazi, dhoruba. Iliporudi, karibu kila ukurasa ulikuwa safi, hauna hata mkwaruzo wa kalamu, na hilo ndilo lililonitisha. Mwishoni palikuwa na maneno machache: "Umenieleza yaliyotokea. Hujanieleza yanavyosemwa. Cordelia anamjibu baba yake neno moja tu. Kwa nini umeliruka?"

Nikarudi kwenye kitabu. Lear anagawa ufalme kwa mabinti watatu na anataka kila mmoja aseme anampenda kiasi gani. Wawili wa kwanza wanamwaga maneno. Binti mdogo anasema "Nothing". Mfalme anarudia neno lilelile kwa kuuliza. Binti anarudia. Mfalme analichukua tena na kumtishia nalo, kwamba katika hakuna kitu hakitatoka kitu. Neno moja limepita midomo miwili mara tano, na kila likirudi lina uzito mwingine: kwa binti ni ukweli, kwa baba ni tusi, na mwisho wa mchezo ndiyo hali halisi ya mzee huyo asiye na taji wala nyumba. Nilikuwa nimelifundisha tukio hilo miaka minne. Daftari langu lilisema: Cordelia ni mkweli. Basi.

Nikajaribu kulisema neno hilo kwa Kiswahili. "Hakuna." "Sina." "Hamna." "Si kitu." Kila moja lilinipa Cordelia mwingine. Wa "sina" ni maskini wa maneno, wa "hakuna" amefunga mlango, wa "si kitu" karibu anamtukana mzee. Nilikesha na maneno manne hayo, na asubuhi nilikuwa na insha mpya ya kurasa 5. Hiyo ilirudi imejaa wino kila ukingo, maswali na mishale, na nilifurahi kama mtu aliyepokea barua.

Niseme kidogo kuhusu maisha yenyewe, maana wengi huuliza. Niliendelea kufundisha Jinja na kuja Kampala kwa masomo, safari ya kilomita 80 hivi kwa teksi, kupita msitu wa Mabira, Lugazi, Mukono, na foleni ya kuingia mjini. Kusoma ndani ya teksi sikuweza. Nilichoweza ni kushika kichwani mistari miwili au mitatu ya shairi kutoka Jinja hadi Kampala na kuitafuna njiani. Wenzangu wa teksi walinunua kuku wa kuchoma na gonja, ndizi za kuchoma, pale Namawojjolo, mimi nilikuwa nahesabu mapigo kwa vidole. Ada nililipa kwa vipande vipande, na kuna muhula sikuweza kulipa nikausogeza mbele. Vitabu vya nadharia vilikuwa ghali, tukachangiana fotokopi za Wandegeya. Hakuna siri hapo, ni subira na marafiki.

Nadharia zenyewe karibu zinimeze. Mwaka wa kwanza niligundua majina makubwa ya wananadharia, Fanon, Bakhtin, Spivak, nikaanza kuyapanga katika insha kama mtu anayepanga mashahidi mahakamani kabla hajasema ana kesi gani. Msimamizi wangu alichora duara kwenye aya moja yenye majina matano na kuandika pembeni, "Wewe uko wapi hapa?" Nilikuwa sipo. Tangu hapo nilijiwekea utaratibu: nasoma matini kwanza, naandika nilichokiona kwa maneno yangu, na ndipo namwita mwananadharia kama nina jambo la kumuuliza. Huyo Chaucer nilimwandikia insha bila nadharia yoyote kubwa. Nilianza na mahujaji wake, wanaosimuliana hadithi njiani wakienda Canterbury baada ya mvua za Aprili kuvunja ukame wa Machi, nikawaweka kando ya mahujaji wetu wanaotembea kwa miguu kwenda Namugongo kwa ajili ya tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi wa Uganda. Kila mwaka nimewaona wakipita Jinja, wengine wametoka Kenya, wamefunga vitambaa kichwani, na ukikaa nao usiku wanapopumzika utasikia hadithi ambazo si za kanisani hata kidogo. Nililielewa swali la Chaucer kupitia wao: watu wa tabaka mbalimbali wakiwekwa njia moja, nani anapata zamu ya kusimulia, na nani anamkatiza?

Muhula wa pili tulifika mwaka 1962, na huo ndio ulionitikisa. Juni ya mwaka huo waandishi walikutana hapohapo Makerere: Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo, Ezekiel Mphahlele, na mwanafunzi wa chuo aliyeitwa wakati huo James Ngugi, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Mkutano ulikuwa wa Waafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Ngũgĩ aliandika baadaye, kwa uchungu, kwamba yeye mwanafunzi aliyekuwa amechapisha hadithi fupi mbili tu aliingia kwa sababu ziliandikwa kwa Kiingereza, na Shaaban Robert, mshairi mkubwa wa Kiswahili aliyekuwa bado hai, hakuwa na mlango wa kuingilia. Shaaban Robert alifariki mwezi huohuo wa Juni 1962.

Kuna jambo jingine nililikuta nikitafuta vitu vingine kabisa. Ile Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1930, iliyosanifisha Kiswahili tunachokiandika leo na baadaye ikawa taasisi ya utafiti Dar es Salaam, ilikuwa na makao yake Makerere kuanzia 1952 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Makerere hiihii. Kwa karibu muongo mzima kilima kimoja kilibeba nyumba ya Kiswahili na nyumba ya fasihi ya Kiingereza, na mimi nilikuwa nimepanda kilima hicho nikidhani lugha ya kambini kwetu haijawahi kukanyaga pale.

Mwaka 1963 Obi Wali wa Nijeria aliandika katika jarida la Transition, ambalo Rajat Neogy alilianzisha Kampala mwaka 1961, kwamba fasihi ya Afrika isipoandikwa kwa lugha za Afrika imeingia njia isiyo na pa kutokea. Nilisoma makala hayo usiku mmoja mara tatu. Asubuhi nikaenda kwa msimamizi wangu kumwambia naacha, sioni sababu ya mtu kama mimi kumaliza shahada ya Kiingereza.

Alinisikiliza hadi nikaishiwa. "Hasira yako naielewa," akasema. "Sasa nipe swali."

Swali lilichukua miezi mitano kupatikana. Lilitoka kwenye kitabu chembamba nilichokipata kwa muuza vitabu vya mitumba: Mabepari wa Venisi, tafsiri ya The Merchant of Venice, iliyochapishwa mwaka 1969. Mfasiri ni Julius Nyerere. Yeye mwenyewe alisoma ualimu Makerere, 1943 hadi 1945, na kitabu hiki alikitoa akiwa Rais wa Tanzania. Alikuwa ameshafasiri Julius Caesar mwaka 1963. Nilishangaa kwamba nilifundisha tamthilia hiyo ya Venisi bila kujua ipo katika lugha niliyoanza nayo.

Nikaruka haraka, na hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho sitakisahau. Nilitazama jina, nikaona "mabepari", nikakumbuka Azimio la Arusha la Februari 1967, nikaandika pendekezo la utafiti kwa wiki mbili tu. Hoja yangu: Shakespeare alisema mfanyabiashara, Nyerere akasema bepari, kwa hiyo Nyerere aliigeuza tamthilia kuwa somo la ujamaa. Niliona nimeshika dhahabu. Msimamizi akasoma, akauliza swali moja: "Neno bepari lilikuwa na maana gani kabla ya 1967? Nenda kwenye kamusi za zamani."

Nikaenda maktaba. Kumbe bepari ni neno la zamani lililotujia kutoka Bara Hindi, na maana yake ilikuwa mfanyabiashara, mchuuzi. Maana ya mwenye mtaji anayenyonya ilikuja kulikalia neno hilo baadaye, siasa zilipolihitaji. Nyerere hakuwa amebadilisha chochote. Alichagua neno sahihi kabisa, na neno hilo lilikuwa na sura mbili. Msomaji mzee wa pwani angesikia mfanyabiashara. Kijana wa 1969 aliyekuwa akisikiliza redio angesikia mnyonyaji. Pendekezo langu lilianguka lote palepale mezani. Nililia kidogo, nikanunua rolex, chapati ya mayai, Wandegeya, nikarudi kusoma.

Nilipoacha kumsemea mfasiri nikaanza kumwona. Jina la Kiingereza lina mfanyabiashara mmoja, na kwa kawaida tunasema ni Antonio. Jina la Kiswahili lina wengi. Kiambishi kidogo, ma-, na ghafla swali linageuka: wa pili ni nani? Shylock anayekopesha? Bassanio anayekwenda kuoa binti tajiri, Portia, kwa fedha za mkopo? Portia mwenyewe, anapoingia mahakamani amevaa mavazi ya mwanasheria, anauliza yupi hapa ni mfanyabiashara na yupi ni Myahudi, kana kwamba kwa macho huwezi kuwatofautisha. Swali hilo limo katika Shakespeare tangu mwanzo. Mimi nilikuwa nimelipita kila mwaka darasani. Wingi wa Kiswahili ndio ulionirudisha kwalo.

Machi 2020 shule na vyuo vikafungwa kwa sababu ya Korona, nami nikaenda Busia kwa wazazi. Baba alikuwa amestaafu. Malori yalijipanga mpakani kilomita kwa kilomita yakisubiri vipimo vya madereva, kafyu iliingia saa moja jioni, na baada ya hapo hakuna pa kwenda. Nilikuwa na vitabu viwili na tochi ya sola. Nikaanza kuwasomea Baba na Mama tafsiri ile, onyesho moja kila jioni.

Baba alikaa miaka mingi akiwapeleka watuhumiwa mahakamani na kusimama nao kizimbani. Nilipofika kwenye kesi, sarafu za dukati 3,000 ambazo Antonio alimkopea Bassanio kwa Shylock kwa miezi mitatu, na ratili ya nyama ya mwili wake Antonio kama dhamana, aliacha kutafuna. Alisikiliza hadi Portia aliposhinda kwa hoja ya tone la damu, kwamba mkataba unataja nyama lakini hautaji damu. Nilitegemea acheke, maana watu wengi hucheka hapo. Akauliza huyo wakili ni nani. Nikamkumbusha ni Portia, mke wa Bassanio, amejigeuza mwanamume.

"Hii kesi hapana kesi, mama," akasema. Baba huniita mama. "Ule wakili ni bibi ya ule mtu alikula pesa."

Nilizima tochi kuokoa chaji, nikakaa gizani nikirudia sentensi hiyo. Wahakiki wameandika mengi kuhusu rehema na sheria katika onyesho lile, na nilikuwa nimeyasoma. Baba alikwenda moja kwa moja kwenye maslahi ya wakili, kwa sababu maisha yake yote alikaa kwenye viti vya nyuma vya mahakama akiangalia nani anamjua nani.

Mama yeye hakujali kesi. Kilichomuuma ni pete. Binti yake Shylock, Jessica, anatoroka nyumbani na mali ya baba yake, na baadaye Shylock anaambiwa kwamba binti ametoa pete moja akapewa kima. Shylock anasema pete hiyo alipewa na mkewe, Leah, kabla hajamwoa, na kwamba asingeitoa hata kwa nyika iliyojaa kima. Ni maneno machache katikati ya mazungumzo marefu. Mama alinisimamisha. "Pete ya mamake? Juu ya kima?" Akataka nirudie. Nikarudia. Kesho yake asubuhi, akichambua mboga, akanena tena peke yake, "Juu ya kima." Mama alifika Kampala kuolewa akiwa na bangili moja ya bibi yake, na tulipohama kambi moja kwenda nyingine ikaibwa. Mimi nilijua habari za bangili hiyo, lakini sikuwahi kuziweka pamoja na Shakespeare hadi niliposikia sauti yake ikivunjika kwa ajili ya Leah, mwanamke ambaye hatokei jukwaani hata mara moja.

Sura ya tatu ya tasnifu yangu ni ya pete hiyo.

Kuna jambo moja la sarufi nalo lilizaliwa jioni zile. Baba aliuliza Portia ni nani kwa sababu katika usomaji wangu hakukuwa na kitu cha kumwonyesha. Kwa Kiingereza, kila mtu mahakamani akimtaja wakili anatumia kiwakilishi cha mwanamume, na mtazamaji anayejua siri anasikia uongo huo katika kila sentensi. Kwa Kiswahili ni "anasema", "ameingia", "yeye". Kiambishi a- hakijui suruali wala gauni. Uongo wa Portia kwa lugha yetu unabaki kwenye nguo peke yake. Je, hapo tamthilia imepoteza kitu au imepata? Niliandika kurasa 9 kujibu, na bado sidhani nimelimaliza.

Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 20 Septemba 2020, Jengo Kuu la Makerere liliungua. Tuliamka redio ikisema. Baba alinitazama kama aliyepata msiba. Yeye hajasoma zaidi ya darasa la saba, lakini jengo lile jeupe alikuwa amelilinda zamu nyingi za usiku siku za mahafali na siku za migomo, na kwake lilikuwa jengo lake. Nilipoweza kusafiri tena nilikwenda kulitazama, paa limekwisha na madirisha meusi, nikashindwa kukaa muda mrefu.

Niliitetea tasnifu mwaka 2022. Mjumbe mmoja wa jopo aliniuliza swali la haki kabisa: kazi inayohusu kitabu cha Kiswahili inaingiaje katika fasihi ya Kiingereza? Nikamjibu kwa mifano: ma- ya mabepari, pete, wakili asiye na jinsia. Nikasema kila kimoja kilinirudisha kwenye mstari wa Kiingereza ambao nilikuwa nimeusoma nikaupita, na kwamba sikuona njia nyingine ambayo ningeufikia. Akatikisa kichwa polepole, akaniuliza kuhusu tanbihi ya ukurasa wa 47. Ilikuwa na kosa. Nilipewa mwezi mmoja kufanya masahihisho.

Mwaka huo huo Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Nimerudi darasani Jinja, na sasa daftari langu la zamani nimelifungia. Mwanafunzi akiniambia mhusika ni mkweli, namwomba anionyeshe neno. Tunasoma kwa sauti kila kipindi, hata kama hatumalizi silabasi kwa wakati, na wazazi wawili wameshalalamika. Nina mwanafunzi mmoja wa kidato cha tano anayetoka kambi ya polisi. Wiki aliyofika nilimsikia akimwambia mwenzake "kitabu yangu", kisha akanyamaza aliponiona. Nikamwambia aniletee hicho kitabu yake tusome.

Nakala moja ya tasnifu nilimpelekea Baba, jalada gumu, herufi za dhahabu. Alilipapasa jina letu la ukoo kwa kidole. Kisha akafungua ndani, akakuta Kiingereza kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, akalifunga taratibu na kuliweka juu ya kabati karibu na picha yake ya gwaride.

"Sasa hii utaandika siku gani kwa Kiswahili?" akauliza.

Nimeanza. Nafanya kidogo kidogo, Jumapili mchana. Zile kurasa 9 za kiambishi a- zimekuwa aya moja, kwa sababu hakuna Mswahili anayehitaji kuelezwa kwamba "anasema" haisemi ni mwanamke au mwanamume. Sura ya mabepari inakwenda vizuri. Sura ya pete inarefuka. Baba hunipigia simu kila Jumamosi jioni, akimaliza salamu anauliza nimefika wapi. Juzi nikamwambia nimefika kwa Leah. Akasema ngoja, akamwita Mama aje kwenye simu.